Tanuu la Chokaa Darasani

Ukishika barabara ya Pangani kutoka Tanga mjini, baada ya kama kilomita 20 unafika Tongoni. Pale pamebaki gofu la msikiti na makaburi ya nguzo yanayozidi 20, masalia ya mji uliostawi karne ya 14 na ya 15. Safari za shule kwenda pale hufanana: basi linasimama, mwalimu wa Historia anaeleza, wanafunzi wananakili, picha zinapigwa, basi linarudi mjini kabla ya adhuhuri. Mwalimu wa Kemia hapandi basi hilo, maana ni safari ya Historia. Ilhali ukuta uliotazamwa asubuhi nzima umeshikwa na chokaa, na mmenyuko uliozaa chokaa hiyo utaandikwa ubaoni kwenye kipindi cha Kemia wiki chache baadaye bila Tongoni kutajwa hata mara moja.

Masomo ya sayansi na masomo ya sanaa hayapatani kwa hotuba ya mkuu wa shule, wala kwa kuongeza somo jingine kwenye ratiba. Yanapatana juu ya kitu kimoja kinachoshikika, chenye swali ambalo kila upande ukilijibu peke yake unakwama njiani. Tanga ina vitu vya namna hiyo tele. Hapa nitakaa zaidi na chokaa, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote kuileta darasani.

Kwanza neno moja kuhusu tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1959, C. P. Snow, Mwingereza aliyesomea sayansi na kuandika riwaya, alitoa mhadhara Cambridge akilalamika kwamba wasomi wa fasihi na wasomi wa sayansi hawasemezani tena. Kwetu utengano huo una herufi: PCM na PCB upande wa sayansi, HGL na HKL upande wa sanaa. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi waliachana na Fizikia na Kemia wakiingia kidato cha tatu, na kidato cha tano kikamaliza kazi. Machi 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 juu ya 16 za zamani, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa baadhi ya milango iliyokuwa imefungwa imefunguka. Lakini tahasusi hupanga masomo yakae jirani tu. Mwanafunzi anaweza kusoma Kiswahili saa 2 na Fizikia saa 4, kwa walimu wawili ambao hawajawahi kufungua daftari moja pamoja. Kazi ya kuunganisha iko kwenye azimio la kazi na andalio la somo, na hiyo inaweza kufanyika hata katika shule yenye tahasusi za zamani tu.

Sasa tuingie kwenye chokaa.

Kwa jadi ya pwani, tanuu la chokaa halikuwa jengo. Magogo yalipangwa duara kwa tabaka, ncha zikielekea katikati, pakaachwa tundu la kutilia moto. Juu yake vilirundikwa vipande vya mawe ya matumbawe. Moto ulitiwa kupitia tundu, ukawaka mpaka kuni zikaisha na rundo likatitia. Kilichobaki, cheupe na chepesi kuliko kilivyopanda, kiliachwa kinyeshewe mvua au kilimwagiwa maji kizimike. Kila hatua hapo ina jina lake katika Kemia. Jiwe la tumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Likipata joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ukaa na kubaki chokaa hai. Chokaa hai ikipata maji huchemka na kuwa chokaa iliyozimwa. Na chokaa iliyozimwa, ikishakaa ukutani, hunywa tena hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Yaani fundi mwashi wa Tongoni alilivunja jiwe kwa moto ili alijenge upya mahali alipolitaka. Mwanafunzi akiielewa sentensi hiyo, mmenyuko wote anao, kwa mpangilio wake.

Kwa jaribio la shule, usichukue jiwe la gofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda magofu. Usivunje pia tumbawe hai. Makombe ya chaza na kome yanayotupwa sokoni na jikoni yanatosha, kwa kuwa karibu yote ni kabonati ileile. Yaoshe, yaanike yakauke kabisa, yaponde mpaka vipande viwe kama punje za mahindi. Kombe zima lenye unyevu ndani hupasuka kwa kishindo motoni na kurusha vigae. Pima gramu 100 kwa mizani ya jikoni ya kielektroniki.

Chombo ndicho kinachoharibu majaribio mengi. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kabla makombe hayajaiva. Tumia chungu kidogo cha udongo au kipande cha bomba nene la chuma kilichozibwa chini. Chungu kipashe polepole pembeni ya moto kwa nusu saa, la sivyo kitapasuka. Kisha kizungushie mkaa pande zote na juu, na mpepee bila kuchoka kwa muda wa saa 2 hadi 3. Rangi ndiyo kipimajoto chenu: wekundu uliofifia ni kama nyuzi 700 na hautoshi, wekundu unaoelekea chungwa ni karibu 900, na hapo ndipo pa kukaa. Fanyeni nje, penye upepo, si darasani, maana mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu na inayoua.

Chungu kikipoa, pimeni mara moja. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na chokaa hai iliyoachwa mezani hadi kesho yake huunyonya ikaongezeka uzito, hesabu ikaharibika. Kwa nadharia, gramu 100 za kabonati hubaki 56, kwa sababu 44 zimeondoka kama hewa ukaa. Darasani ni nadra kupata 56. Mkipata 70, zimeondoka 30 badala ya 44, kwa hiyo karibu asilimia 68 tu ya makombe ndiyo yaliyoiva. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba wamekosea. Awaulize: wachomaji wa zamani wasiokuwa na mizani walijuaje kwamba jiwe limeiva? Walilibeba mkononi wakahisi wepesi wake, wakalitia maji wakaona kama linachemka, na kiini kigumu kilichokataa kuzimika wakakitupa. Hiyo ni sayansi iliyoandikwa mikononi mwa watu, na mwalimu wa Historia ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini haikuandikwa kitabuni.

Kuzima chokaa ni hatua ya hatari kuliko zote. Miwani ya kinga na glavu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe pembeni kwa ajili ya macho. Chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji mengi, kijiko kimoja baada ya kingine. Anayemwaga maji kidogo juu ya lundo la chokaa hai atarushiwa usoni uji unaochoma ngozi. Mchanganyiko ukitulia, uchekecheni, mawe yasiyoiva yabaki juu ya chekeche, na ule uji uacheni chini ya maji kwa wiki moja au zaidi. Maji yanayoufunika huuzuia usikutane na hewa na kuanza kuganda.

Baadaye changanyeni kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 3 vya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni ukitumiwa bila kuoshwa huacha chumvi ndani. Chumvi huvuta unyevu, hukua fuwele, na lipu hubanduka kwa magamba. Mimineni kwenye visanduku vya sentimita 5 kila upande, andikeni tarehe juu ya kila kimoja, mviweke kivulini. Vikikauka jua kali hupasuka kabla chokaa haijapata nafasi ya kunywa hewa ukaa.

(Hapohapo pana somo la uraia kuhusu kuta za zamani zinazotengenezwa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yaliyonaswa hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na baada ya miaka jiwe linamong'onyoka huku kiraka cha saruji kimesimama kizima. Anayetaka kuhifadhi Tongoni, au nyumba ya mawe ya babu yake Pangani, inampasa ajue kemia hii kabla hajanunua mfuko wa kwanza.)

Tani 2 za kuni

Hadi hapa mtu atasema hili ni somo la Kemia lililovikwa kanzu. Linageuka linapofika kwenye kuni.

Waambieni wanafunzi wakadirie. Kupasha kilo 1 ya jiwe hadi nyuzi 900 huhitaji kama megajuli 0.9, na kulivunja kuwa chokaa huhitaji nyingine 1.8. Jumla ni 2.7. Ili kupata kilo 1 ya chokaa hai unahitaji karibu kilo 1.8 za jiwe, kwa hiyo megajuli kama 4.8. Kuni kavu hutoa kama megajuli 15 kwa kilo. Kama joto lote lingetumika, theluthi moja ya kilo ya kuni ingetosha. Lakini tanuu la wazi hupoteza joto jingi angani. Mkichukulia kwamba moja ya kumi tu ndiyo iliyoingia kwenye jiwe, kila kilo ya chokaa imekula kilo 3.2 za kuni. Sasa chukueni ukuta wa mita 10 kwa urefu, mita 3 kwenda juu na nusu mita kwa unene: mita 15 za ujazo. Mkikisia kilo 40 za chokaa hai kwa kila mita ya ujazo, ukuta umetumia kilo 600 za chokaa, na karibu tani 2 za kuni. Ukuta mmoja tu.

Namba hiyo ndiyo daraja. Mwalimu wa Kemia akishaiandika ubaoni, anampa chaki mwenzake. Nani alikata tani 2 za kuni, kwa shoka gani, kutoka msitu wa nani? Walilipwa au walilazimishwa? Kwa nini mtu agharamie hivyo, wakati nyumba ya miti na udongo inasimama vizuri na ni ya baridi? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba nyumba ya mawe ilikuwa tangazo la cheo, mkopo na ukoo, na kwamba msikiti na makaburi ya nguzo vilijengwa kwa mawe mahali ambapo pengine wengi wa waliozikwa na kuswali pale waliishi katika nyumba za udongo. Hakuna kitabu kilichowapa hoja hiyo. Wameitoa kwenye uzito wa kuni. Halafu mwalimu wa Historia awabane: lipi tumelipima, lipi tumelikisia, lipi limesimuliwa na wazee, lipi limeandikwa na mgeni? Safu nne, kila sentensi ya ripoti iingie kwenye safu yake. Makadirio yetu ya moja ya kumi yatakwenda safu ya pili, na ni vizuri mwanafunzi wa sayansi aone namba yake ikikaa kwenye safu ya makisio pamoja na masimulizi mengine. Katika safu ya maandishi ya wageni waweke habari ya Wareno: mwaka 1499, wakirudi kutoka India, watu wa Vasco da Gama waliichoma moja ya merikebu zao, São Rafael, kwenye mafungu yaliyo mbele ya pwani hii ya Mtangata.

Dari nalo lina swali lake. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu lakini vyembamba. Upana mara nyingi hauzidi mita 3 hivi. Mwalimu wa Fizikia aeleze sababu: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe, kifusi na chokaa vilivyopigiliwa kwa siku kadhaa huku watu wakiimba ili vipigo viende pamoja. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, ukiongeza urefu wa boriti mara 2, nguvu ya kuikunja inaongezeka mara 4, na mnepo wake mara 16. Chukueni fito mbili za unene mmoja, ya mita 1 na ya mita 2, zilazeni juu ya matofali, pangeni mifuko ya mchanga ya kilo 1 kwa nafasi sawa, pimeni mnepo. Kisha pimeni upana wa vyumba vya nyumba kongwe mjini, kwa ruhusa ya wenyewe. Namna watu walivyolala, walivyopokea wageni na walivyotenga ndani na nje imefungwa kwenye urefu wa mti mmoja.

Siku ya kwenda

Safari yenyewe ipangwe kwa maji, na kuipanga ni zoezi la pili, fupi lakini zuri kuliko linavyoonekana. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye pwani hii maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hilo ni bamvua. Kina mama wanaokwenda kutafuta pweza mwambani wanalijua bila jedwali. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao umesogea katika njia yake na dunia inapaswa kuzunguka zaidi kidogo kuufikia.

Wapeni wanafunzi tarehe ya Hijria peke yake, tuseme 8, na waulizeni maji yatakupwa saa ngapi. Kutoka tarehe 1 ni siku 7; mara dakika 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Ukianzia saa 4 asubuhi unafika saa 9 na dakika 50 alasiri. Tena yatakuwa maji mafu, yasiyokupwa sana wala kujaa sana, kwa hiyo basi likifika siku hiyo wanafunzi hawatauona mwamba. Linganisheni jibu na jedwali la bandari au na nahodha wa ngalawa. Mtakosea hata kwa saa nzima karibu na maji mafu, kwa kuwa dakika 50 ni wastani tu: siku za bamvua ucheleweshaji huwa mdogo, siku za maji mafu huwa mkubwa. Na kama mwezi ulitangazwa siku moja baadaye, hesabu nzima imesogea dakika 50. Hapo mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu anaingia darasani kwa haki kabisa: mwaka wa mwezi una siku 354, na kwa nini Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka ni swali la falaki na la ibada kwa wakati mmoja.

Mahali panapovunjika

Mpango huu huvunjika kwenye ratiba mara nyingi zaidi kuliko kwenye maarifa. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kuchoma makombe. Mwombeni mwalimu wa taaluma vipindi pacha vya Kemia na Historia vifuatane siku moja kwa wiki, kwa wiki 6: moja ya maswali, moja ya kuchoma, moja ya kuzima na hesabu ya kuni, moja ya fito na boriti, moja ya safari, moja ya kuandika. Walimu wote wawili wawepo darasani wiki ya kwanza na ya mwisho, hata kama katikati watapokezana.

Kosa la pili ni kumwita mwalimu wa Historia asimulie dakika 10 za mwanzo, kisha aondoke "sayansi ianze". Historia ikifanywa dibaji, wanafunzi wanaelewa kwamba ni pambo. Kosa la kinyume ni kuchoma makombe kwa ajili ya moshi na shangwe, bila mtu kuandika uzito. Dawa ya yote mawili ni alama. Ripoti iwe moja, ya alama 40: 10 za vipimo, 10 za hesabu, 10 za kupanga ushahidi kwenye zile safu nne, 10 za lugha. Isahihishwe na walimu wawili kwa kalamu mbili. Mwanafunzi hujali kinachosahihishwa.

Lugha ni jambo zito zaidi, na nalisema kwa uchungu. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba anakutana na Kemia kwa Kiingereza, na maarifa ya mama yake kuhusu chokaa, bamvua na mikoko yanabaki nje ya mlango. Waacheni wabishane kwa Kiswahili wakati wa kazi, kisha waandike kwa lugha ya mtihani. Istilahi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na maneno ya pwani yaongezwe pembeni, kwa kuwa mara nyingi yana upambanuzi kuliko kitabu. Kitabu kikisema mikoko tu, mvuvi anatofautisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mkomafi, na anajua upi ni boriti na upi ni kuni. Tanga ni nyumbani kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akawa karani wa forodha na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi. Kuhesabu mizani ya mashairi na kuhesabu mipaka ya mashamba vilikaa katika kichwa kimoja.

Shule iliyo mbali na bahari, upande wa Muheza, inaweza kufanya vilevile na Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902. Ua dogo la zambarau la Usambara, linalopandwa kwenye vyungu dunia nzima, lilipelekwa Ulaya na ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892. Mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia kwa jina lake, na mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Jina moja lina uainishaji wa mimea, ukoloni, na swali la nani alilijua ua hilo kabla ya ofisa. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, unadai makala yake peke yake.

Vile visanduku vya chokaa na mchanga msivitupe. Baada ya wiki 4 vunjeni kimoja katikati, muupake uso uliovunjika manjano ya jikoni yaliyoyeyushwa kwenye spiriti. Kwenye chokaa ambayo bado haijanywa hewa ukaa, manjano hugeuka rangi ya damu ya mzee. Palipokwisha kuwa jiwe hubaki na unjano au chungwa hafifu. Maabara ikiwa na fenolfutalini itumieni hiyo, mpaka unaonekana wazi zaidi: waridi ndani, bila rangi pembezoni. Mtaona ganda jembamba tu la jiwe, na kiini ambacho bado ni chokaa. Ganda hilo hukua kwa kusuasua. Ili unene wake uongezeke mara 2, muda unahitaji kuongezeka kama mara 4. Pimeni kwa rula, andikeni milimita na tarehe, na visanduku vilivyobaki muwaachie kidato kinachofuata, pamoja na daftari.